Sevilla au Granada? Jibu kwa anayesafiri na mama mwenye goti linalosumbua

"Mimi ni mwalimu, naishi Mombasa. Nimedunduliza muda mrefu ili nimpeleke mama yangu Hispania, kwa sababu tangu alipokuwa mtoto madrasa alisikia habari za Andalusia na ana hamu ya kuiona kwa macho yake. Ana miaka 68. Afya yake ni nzuri, ila goti la kulia linamsumbua, hasa kwenye ngazi. Tutalala huko siku nne tu. Naweza kusafiri likizo ya Agosti au katikati ya Novemba. Nimeshauriwa tukae Sevilla kwa kuwa ina kila kitu, halafu twende Granada asubuhi na kurudi jioni, maana Granada ni Alhambra tu. Wengine wanasema tusihangaike na Alhambra, kasri la Sevilla ni lile lile. Tiketi tutanunua tukifika. Joto si tatizo, sisi ni watu wa Pwani. Hatuli nguruwe wala hatunywi pombe. Tuchague mji gani?"

Ndugu yangu, swali lako limebeba mambo mawili ndani yake: mji upi una kile ambacho mama amekitamani miaka yote, na mji upi goti lake litaustahimili. La kwanza linavuta kuelekea Granada, la pili linavuta kuelekea Sevilla, na ndiyo sababu washauri wako wanapingana. Msimamo wangu nautoa mapema ili usome mengine yote ukiujua: nendeni Granada, mlale huko siku zote nne, na msafiri Novemba. Lakini pana sharti moja. Muwe na tiketi za Alhambra zenye saa ya kuingia Kasri za Nasri, yaani makazi ya watawala ndani ya Alhambra, kabla hujalipa fedha yoyote isiyorudishwa, ukiacha gharama za viza. Tiketi hizo zikikosekana, nendeni Sevilla, na mama hatakuwa amedhulumiwa.

Kwanza hilo la kwamba makasri haya mawili ni kitu kimoja. Anayesema hivyo hakutunga kabisa, kwa sababu yana undugu wa kweli. Alhambra ilianza kujengwa mwaka 1238 na Muhammad wa Kwanza, mwanzilishi wa nasaba ya Banu Nasr, na sehemu zake zinazoliza watu kwa uzuri ni kazi ya Yusuf wa Kwanza na mwanawe Muhammad wa Tano katika karne ya 14. Sevilla wakati huo haikuwa tena mikononi mwa Waislamu. Ilitekwa na mfalme Fernando wa Tatu mwaka 1248. Kasri linalosifiwa ndani ya Alcázar ya Sevilla lilijengwa na mfalme Mkristo, Pedro wa Kwanza, na ukuta wake wa mbele una maandishi yanayotaja mwaka 1364. Pedro alikuwa rafiki wa Muhammad wa Tano, akamsaidia kurudi kwenye kiti chake mwaka 1362, na mafundi wa Granada walishiriki kulipamba kasri la Sevilla. Hata maneno ya Banu Nasr, "wa la ghaliba illa Allah", yamo kwenye vigae vya uso wa kasri la mfalme huyo Mkristo.

Kwa hiyo mkono wa fundi unafanana, nyumba ni mbili tofauti. Sevilla mtaona sanaa hiyo ikiwa imependwa na kuazimwa na washindi. Granada mtaingia nyumbani kwa watawala wenyewe, waliokaa hapo mpaka tarehe 2 Januari 1492, siku Muhammad wa Kumi na Mbili, sultani wa mwisho, alipokabidhi mji. Mtu aliyesoma madrasa ana faida ambayo wageni wengi hawana: kuta zile zimejaa maandishi, na mama ataweza kufuata baadhi ya maneno kwa kidole hewani bila kumngoja kiongozi wa watalii. Kwenye bakuli la marumaru linalobebwa na simba 12 kumechongwa beti za Ibn Zamrak, mshairi na waziri wa Muhammad wa Tano. Jingine la kumsimulia mkiwa njiani: Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Morocco aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alifika pia Granada karibu na mwaka 1350. Sultani Yusuf alikuwa mgonjwa, hakuonana naye, lakini mama yake sultani alimpelekea dinari za dhahabu. Na ni katika mji huo alipokutana na Ibn Juzayy, kijana ambaye baadaye aliandika safari zake kwa imla. Yaani habari za Mombasa ya wakati ule zimetufikia kupitia kalamu ya mtu wa Granada.

Sitaki nimdhulumu mtu wa Sevilla. Mnara wa Giralda, uliokamilika mwaka 1198, ulikuwa mnara wa msikiti mkuu wa al-Muwahhidun, watawala wa Kiislamu kutoka Morocco, na ni ndugu wa mnara wa Kutubiyya wa Marrakesh na ule wa Hassan wa Rabat. Sehemu ya kengele juu yake iliongezwa karne ya 16. Ua wa michungwa ulio kando yake ndio ua wa msikiti wa zamani. Mnara wa Torre del Oro kando ya mto Guadalquivir nayo ni kazi ya al-Muwahhidun. Ni mji mkubwa, mtambarare, wenye upana wa kupumua. Kama mama angekuwa anapenda miji kwa jumla, ningesema Sevilla bila kusita. Lakini umesema anaitamani Andalusia ya madrasa.

"Granada ni Alhambra tu" ni kauli ya watu walioshuka kwenye basi saa nne asubuhi na kupanda saa kumi jioni. Chini mjini, karibu na kanisa kuu, kwenye ardhi tambarare isiyomwonea mtu mwenye goti, kuna madrasa iliyojengwa na Yusuf wa Kwanza mwaka 1349. Jengo limebadilishwa sana, ila chumba cha kuswalia kimesalia na mihirabu yake. Hatua chache kutoka hapo ipo Capilla Real, walikozikwa Isabel na Fernando, wafalme walioipokea Granada. Ng'ambo ya barabara kuna Corral del Carbón, funduku ya karne ya 14 walikolala wafanyabiashara na kuweka mizigo yao. Mtu wa Pwani akiingia ua ule ataelewa mara moja ulikuwa wa kazi gani. Ukifuata mto Darro utakuta El Bañuelo, hamamu ya karne ya 11, taa zake ni matundu ya nyota kwenye dari. Juu ya kilima cha Albaicín uko msikiti mkuu mpya, uliofunguliwa mwaka 2003, na bustani yake inatazamana na Alhambra. Hayo ni siku mbili za mwendo wa mtu mzima anayepumzika anapochoka.

Sasa lile wazo la kukaa Sevilla na kwenda Granada kwa siku moja. Basi kati ya miji hiyo huchukua takribani saa tatu, na treni haiokoi muda mwingi. Kwenda na kurudi ni saa sita za kukaa. Goti lenye matatizo hukakamaa likikunjwa muda mrefu, kwa hiyo mama atashuka Granada akiwa tayari ameumia, apande kilima, atembee Alhambra, kisha akae tena saa tatu. Ongeza kwamba saa yenu ya kuingia Kasri za Nasri haimngoji mtu: basi likikwama njiani, mmepoteza kile mlichokifuata. Kama mtu angekuwa na miaka 25 na miguu mizima ningemwambia ajaribu. Ninyi msijaribu.

Nije kwenye tiketi, kwa sababu hapa ndipo safari nyingi huharibika.

Usitegemee kununua mkifika. Kasri za Nasri ni vyumba vidogo, na nakshi zake ni plasta ya jasi, kitu laini kinachokwaruzwa na mkoba na kuathiriwa na unyevu wa pumzi za umati. Kwa hiyo walinzi wake, shirika la serikali liitwalo Patronato de la Alhambra y Generalife, huruhusu idadi maalumu ya watu kila nusu saa. Bustani na ngome vina nafasi kubwa, kasri halina. Nafasi zinapoisha, mara nyingi wiki kadhaa kabla, hakuna dirisha la mlangoni litakalowasaidia.

Kwenye tovuti rasmi ya Patronato utakuta tiketi za aina kadhaa. Mnayoitaka inaitwa "Alhambra General", ambayo bei yake huwa karibu na yuro 20, ikijumuisha Kasri za Nasri, bustani ya Generalife na ngome ya Alcazaba. Chini yake ipo nyingine ya bei nafuu iitwayo "Jardines, Generalife y Alcazaba". Watu huinunua kwa kudhani wamebahatika kupata tiketi ya bei ndogo, kumbe kasri hazimo. Wanazunguka bustani siku nzima wakisubiri mlango ambao hawatafunguliwa. Soma jina la tiketi mara mbili kabla ya kulipa. Kama "General" imekwisha, angalia iitwayo "Dobla de Oro", ambayo inaunganisha Alhambra na majengo ya Kiislamu ya Albaicín. Mara nyingine bado ina nafasi. Zikikosekana zote, ziko kampuni za watembezaji zenye mgao wao, kwa bei ya juu zaidi, na hapo hakikisha tangazo linataja "Palacios Nazaríes" kwa maandishi.

Kila tiketi ina jina la mtu na namba ya pasipoti yake, na mlangoni huombwa pasipoti yenyewe. Andika majina kama yalivyo kwenye pasipoti, kwa mpangilio ule ule. Kama pasipoti ya mama inakaribia kuisha, ibadilishe kwanza ndipo ununue. Punguzo la wazee lililopo ni kwa watu wa Umoja wa Ulaya. Ukimchagulia mama daraja hilo kwa sababu ana miaka 68, mtasimamishwa mlangoni.

Saa iliyoandikwa ni ya kuingia Kasri za Nasri peke yake. Ikiwa ni saa 6:00 mchana, yaani 12:00 kwa maandishi ya Kihispania, mna nafasi ya kuingia mpaka saa 6:30. Mkishaingia hakuna atakayewafukuza, kaeni mpaka mridhike, ila mkitoka hamrudi. Kabla ya kuingia mpelekeni mama msalani, kwa sababu ndani ya kasri hakuna vyoo. Novemba eneo hufunguliwa saa 2:30 asubuhi na kufungwa saa 12:00 jioni. Chagueni saa ya kati ya tano na saba mchana, ili goti liwe limepata joto na baridi ya asubuhi imepungua.

Goti lenyewe sasa. Alhambra si jengo, ni kilima kizima, na mzunguko kamili una kilomita tatu na zaidi za kutembea. Watu wengi hupanda kutoka Plaza Nueva kwa miguu kupitia Cuesta de Gomérez. Kwa mama, hapana. Mabasi madogo ya namba C30 na C32 hupanda kutoka Plaza Isabel la Católica, katikati ya mji, mpaka juu kabisa.

Fahamu kwanza jinsi kilima kilivyopangwa. Banu Nasr walichota maji ya mto Darro takribani kilomita sita juu ya mji na kuyaleta kwa mfereji uitwao Acequia Real. Ulishuka kwa mteremko mdogo tu, bila pampu yoyote, ukipita Generalife ndipo ufike Alhambra. Ili maji yafike kila mahali ilibidi Generalife iwe juu kuliko kasri. Kwa mgeni mwenye goti bovu hilo ni jambo la manufaa: mkianzia juu na kufuata uelekeo wa maji, mnatembea kwenye mteremko wa taratibu badala ya kupanda. Goti lililochakaa huumia zaidi linaposhuka kuliko linapopanda, kwa sababu uzito wote hubebwa na misuli ya paja goti likiwa limekunjwa. Lakini tofauti ya kushuka njia ya mteremko mdogo na kushuka ngazi ni kubwa sana. Ngazi ndizo za kuepuka.

Tuseme tiketi ni ya saa sita mchana. Shukeni basi kwenye lango kuu la juu saa nne. Nendeni Generalife kwanza, mkae ua wa mfereji, na msipande Escalera del Agua, ngazi zenye maji kwenye vishikio vyake, hata kama kila mtu anaelekea huko. Saa tano kasoro mwanze kuja kwenye kasri. Mtu mwenye miguu mizima hutumia robo saa, ninyi mpeni mama dakika 40 pamoja na kukaa kwenye mabenchi njiani. Ndani ya Kasri za Nasri sakafu ni nzuri na ngazi ni chache. Ukumbi wa Comares na ua wa simba ni mahali pa kusimama muda mrefu. Mkitokea upande wa bustani ya Partal, rudini taratibu kuelekea jumba la Carlos wa Tano, lile lililoanza kujengwa mwaka 1527, na mtokee mlango uitwao Puerta de los Carros, karibu na kituo cha basi lile lile la kuteremka mjini. Alcazaba achaneni nayo. Mandhari ya juu ya mnara wake ni mazuri, ila yanalipiwa kwa ngazi, na siku hiyo goti litakuwa limeshafanya kazi yake. Wewe unaweza kupanda mwenyewe wakati mama anapumzika kwenye benchi karibu na jumba la Carlos.

Siku hiyo msipange kingine chochote. Albaicín iwe siku ya pili au ya tatu, na msiende kwa miguu: njia zake ni mwinuko mkali uliotandikwa mawe ya mto ya mviringo, na mvua ikinyesha huteleza. Basi dogo la C31 au C32 huzunguka ndani ya mtaa huo. Shukeni karibu na uwanja wa San Nicolás, swalini msikitini, tazameni Alhambra ng'ambo ya bonde, mpande basi tena. Viatu vya mama viwe na soli nene ya mpira, vimeshavaliwa mwezi mzima kabla ya safari. Mkongojo wa kukunja ni bora aje nao hata kama nyumbani hautumii.

Kwa malazi, picha za nyumba za Albaicín zenye ua na chemchemi zitakuvuta. Usivutike. Magari hayafiki kwenye nyumba nyingi huko, na mzigo utauvuta juu ya mawe. Tafuteni hoteli yenye lifti kati ya kanisa kuu na Puerta Real, na uwaandikie kuuliza kama kati ya barabara na lifti kuna ngazi. Majengo ya zamani mara nyingi yana ngazi tano au sita kabla ya lifti, na tangazo halizitaji.

Kuhusu joto, naomba tusikilizane vizuri. Kuzoea Mombasa hakukuandai kwa Sevilla ya Agosti. Sevilla iko mita chache tu juu ya usawa wa bahari, ndani ya bonde la Guadalquivir, mbali na bahari kiasi kwamba upepo wake hufika umechoka. Wastani wa joto la mchana Agosti ni takribani nyuzi 36, na siku za kuvuka 40 si ajabu. Tena ni joto kavu. Mombasa jasho hukulowesha, unajua kwamba unapoteza maji. Kule jasho hukauka papo hapo, mtu anapungukiwa maji bila kuona dalili, na mtu mwenye miaka 68 huchelewa kuhisi kiu. Granada mchana nayo ni kali wakati huo, lakini iko takribani mita 700 juu, kwa hiyo usiku hupoa na mwili hupata nafasi ya kujirudi. Kama ingekuwa lazima Agosti, ningekwambia Granada na tiketi ya saa 2:30 asubuhi, kisha mjifungie hotelini mpaka jioni.

Novemba mambo hubadilika. Sevilla inakuwa laini, karibu nyuzi 20 mchana. Granada hufika 16 au 17 mchana, na usiku hushuka hadi nne au tano, kwa sababu milima ya Sierra Nevada iko nyuma yake. Kwa mtu wa Pwani hiyo ni baridi hasa. Mnunulieni mama koti zito, soksi za sufu na kitu cha kufunika goti, maana goti lenye baridi hukaza. Beba koti la mvua pia. Hata hivyo Novemba ndio mwezi wenu: tiketi hupatikana kwa urahisi zaidi, kasri lina watu wachache, na mtatembea bila kukimbizwa na jua.

Chakula hakitawasumbua Granada. Kwenye vichochoro vya Calderería na barabara ya Elvira kuna mikahawa ya Wamorocco na wengineo yenye chakula cha halali na chai ya nanaa. Tatizo liko kwenye migahawa ya kawaida, ambako nyama ya nguruwe haihesabiwi kuwa nyama bali kiungo. Salmorejo, supu baridi ya nyanya, hunyunyiziwa jamón juu, yaani paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Sahani ya maharage mabichi huwa na jamón. Vitafunio vya Novemba kuelekea Krismasi, mantecados na polvorones, kwa asili hutengenezwa kwa mafuta ya nguruwe, na kwa macho ni biskuti tu. Granada pia ina desturi ya kukuletea sahani ndogo ya bure ukiagiza kinywaji, hata maji au soda, na jiko ndilo linalochagua. Sema kabla haijaja: "No comemos cerdo ni jamón." Mbilingani za kukaanga zenye asali, samaki na mayai vitawafaa. Chakula cha mchana ni kuanzia saa nane, cha usiku saa tatu. Kama mama hutumia dawa pamoja na chakula, mbebee kitu mkobani.

Kuswali kuna msikiti wa Albaicín. Ndani ya Alhambra ni makumbusho. Na mkipata siku ya kwenda Córdoba, ambayo kwa treni ya kasi iko takribani saa moja na nusu kutoka Granada, mjue mapema kwamba msikiti mkuu wa kale leo ni kanisa kuu la Kikatoliki na Waislamu hawaruhusiwi kuswali humo. Walinzi hufuatilia jambo hilo. Mwandae mama kwa maneno ya upole mkiwa bado hotelini, kuliko akaguswe begani akiwa amekaa chini mbele ya mihirabu ile.

Viza ya Schengen huombwa si zaidi ya miezi sita kabla ya safari na si chini ya siku 15. Jibu kwa kawaida ni ndani ya siku 15, ila linaweza kwenda hadi 45. Ada ni yuro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima igharamie matibabu ya angalau yuro 30,000. Ombeni kwa Hispania, kwa kuwa ndiko mtakakokaa. Kwa safari ya katikati ya Novemba, pelekeni maombi mwezi wa Agosti. Hoteli iwe ile inayoweza kufutwa bila gharama. Tiketi za Alhambra nazo nunua mapema Septemba hata kama viza haijatoka: mkinyimwa, mtapoteza takribani yuro 40 kwa wote wawili, na hasara hiyo ni ndogo kuliko kupata viza kisha mkute kasri limejaa. Maswali ya nyaraka yapelekeni ubalozini au kwenye kituo walichokiteua wenyewe. Mtu anayekuahidi viza kwa hakika, kwa malipo ya pembeni, anakuuzia kitu asichokimiliki.

Hakuna haja ya kupitia Madrid. Kuna ndege zinazotoka Istanbul moja kwa moja hadi Málaga, na kutoka Málaga hadi Granada ni chini ya saa mbili kwa basi. Ukipitia Madrid, treni ya kasi peke yake huchukua zaidi ya saa tatu, mbali na kutoka uwanja wa ndege kwenda stesheni ya Atocha na mizigo.

Tiketi zikikataa kabisa, Sevilla yenu iwe hivi: hoteli karibu na kanisa kuu, Alcázar asubuhi moja kwa tiketi ya saa maalumu mliyonunua kabla, Giralda mkaitazame kutoka ua wa michungwa. Mtaambiwa mnara hauna ngazi, na ni kweli: kuna njia 35 za mwinuko zilizojengwa ili muadhini apande hata kwa mnyama. Lakini kila mliyoipanda mtaishuka, na hapo goti la mama litasema. Siku moja pandeni treni ya kasi kwenda Córdoba, dakika 45 tu, mji mtambarare.

La mwisho liko nje ya ujuzi wa mtu wa safari. Kabla ya kulipa chochote, mpeleke mama kwa daktari wa mifupa au mtaalamu wa viungo amtazame goti hilo, miezi mitatu kabla, si wiki moja kabla. Mwambie hasa kinachomngoja: kilomita tatu kwa siku moja, mapumziko mengi, ngazi chache, na saa nyingi za kukaa kwenye ndege. Muulize kuhusu mazoezi ya kuimarisha paja, kifaa cha kushikilia goti, dawa za kubeba, na hatari ya damu kuganda miguuni safarini. Goti likiwa linavimba, linajifunga ghafla au linamwangusha, safari isogezwe mpaka litibiwe. Na bima mnayonunua, isomeni kifungu cha maradhi yaliyokuwapo kabla ya safari. Ulizeni kwa maandishi kama goti la mama linagharamiwa akiumia huko, na jibu lao mlichape mlibebe.